Tundu la Tatu: Swali Ambalo Mnunuzi wa Nyumba Haulizi

Mtu anunuapo nyumba katika mji kama Dar es Salaam, Mwanza au Arusha hufanya uchunguzi mwingi, na sehemu kubwa ya uchunguzi huo ni ya busara. Huitaka hati na kuipeleka ikahakikiwe. Humwuliza mwenyekiti wa serikali ya mtaa kama kiwanja kina ugomvi. Huzungumza na jirani ili ajue kama maji hujaa uani wakati wa masika. Hugonga kuta, huchungulia dari, hufungua bomba. Kisha, dalali akiwa amekwisha kutazama saa yake mara mbili, huingia sebuleni na kubonyeza swichi. Taa ikiwaka husemwa, "Umeme upo," na shauri la umeme hufungwa hapo hapo.

Mtihani huo ni mwepesi mno. Taa huhitaji nyaya mbili tu, ule wa moto uletao mkondo na ule wa nyutro uurudishao. Kuwaka kwake huthibitisha kwamba nyaya hizo mbili zimefika darini, basi. Hakuthibitishi kwamba waya wa tatu, wa ardhi, umefika popote. Wala kwamba nyaya zilizofichwa ukutani zinalingana kwa unene na kazi zilizopewa. Wala kwamba kile kisanduku kilicho karibu na mlango kitaukata umeme siku ya hatari. Mambo haya ndiyo yanayotenganisha nyumba salama na nyumba inayongoja msiba, na hakuna hata moja linaloonekana kwa kuwasha taa. Kwa sababu hiyo nyumba isingefaa kukabidhiwa kwa mnunuzi bila karatasi ya vipimo vya umeme vilivyochukuliwa wakati wa mauzo yenyewe. Ni hoja ya sheria na ya fedha, lakini kwanza ni hoja ya fizikia, na fizikia yake haipiti ile ya kidato cha tatu.

Tuanze na soketi. Ile ya matundu matatu ya pembe nne itumikayo Tanzania, Kenya na Uganda asili yake ni Uingereza. Ilitokana na kazi ya kamati iliyokutana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kutoa taarifa yake mwaka 1944. Kiwango chake, BS 1363, kilichapishwa mwaka 1947. Katika kamati hiyo alikuwamo mwanamke mmoja tu, Caroline Haslett, aliyekuwa akiongoza chama cha wanawake cha kueneza elimu ya umeme tangu mwaka 1924, naye aliushikilia sana usalama wa watoto. Matunda yake yanaonekana kwa yeyote atakayeitazama plagi kwa makini. Jino la juu ni refu kuliko mengine mawili. Hutangulia kuingia, na likiingia husukuma vilango vidogo vinavyoziba matundu mawili ya chini, ambamo mkondo hupita. Mtoto akitia msumari katika tundu la chini hukuta pamefungwa. Zaidi ya hayo, kwa urefu wake jino hilo ndilo la kwanza kuungana na ardhi na la mwisho kuachana nayo, hivyo hakuna nukta ya wakati ambapo chombo kina moto nacho hakina ardhi.

Ubunifu huo wote hushindwa na kofia ya kalamu. Mwenye chaja ya meno mawili huitia kofia ya kalamu, au kijiti, katika tundu la juu, vilango hufunguka, chaja huingia ikicheza cheza, na simu hupata moto. Jambo hili hufanyika katika maelfu ya nyumba, hata katika mabweni ya shule, wala halimshangazi mtu. Lakini mnunuzi akikuta soketi ambayo tundu lake la juu limechubuka na matundu yake ya chini yamelegea, amekuta ushahidi. Meno yasiyobanwa vizuri huleta ukinzani mahali ambapo haukutakiwa, na joto huongezeka kwa mraba wa mkondo. Mgusano mbovu wenye ukinzani wa nusu omu tu, ukipitiwa na mkondo wa ampia 13 wa pasi au birika la umeme, hutoa wati 84 na nusu za joto ndani ya kipande cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kiganja. Ni joto la chuma cha kulehemu redio. Ile rangi ya kahawia inayozunguka matundu ya soketi, ambayo wauzaji huipaka chokaa pamoja na ukuta, ndiyo alama ya joto hilo.

Sasa tundu la tatu. Uso wa soketi ya matundu matatu humwambia mtazamaji kwamba nyuma yake upo waya wa ardhi, au ethi kama wasemavyo mafundi. Mara nyingine uso huo husema uongo. Katika baadhi ya nyumba kongwe za Dar es Salaam, Tanga na Unguja bado zimo soketi za matundu ya mviringo, na pale zilipobadilishwa haikosi kutokea kwamba soketi mpya ilifungwa juu ya nyaya za kale zilizokuwa mbili tu. Katika nyumba mpya pia waya wa ardhi huweza kuachwa ili kupunguza gharama, au ukawepo mpaka kwenye kisanduku na kuishia hapo, kwa kuwa kile kipande cha shaba kilichokuwa kikishuka ukutani hadi kwenye fimbo iliyozikwa nje kiliibwa na kuuzwa kwa kilo. Nyumba huendelea kuwaka kama kawaida. Jokofu hugandisha, televisheni husema, wala hakuna dalili yoyote ya upungufu.

Dalili hutokea siku ngozi ya waya inapochunika ndani ya jokofu na moto ukagusa bati. Hapo ndipo watu wa nyumbani huanza kusema kwamba "friji linapiga shoti", na kandambili huwekwa mlangoni mwa jiko ili kila aendaye kulifungua azivae kwanza. Familia inayofanya hivyo imekwisha kugundua kwa njia ya uzoefu kanuni ya Ohm. Mtu mwenye mikono mibichi, asimamaye peku juu ya sakafu iliyolowa, mwili wake huweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Kwa volti 230 mkondo utakaompita ni ampia 0.23, yaani miliampia 230. Kiasi hicho kikipita kifuani kwa sekunde moja huweza kuuvuruga mwendo wa moyo na kuua. Kandambili kavu huongeza ukinzani na kuupunguza mkondo. Tatizo ni kwamba mtoto mdogo hazikumbuki kandambili.

Wengi hudhani kwamba fyuzi au breka itakata kabla ya mtu kufa. La. Fyuzi ya ampia 13 iliyo ndani ya plagi haioni lolote katika ampia 0.23, kwake huo ni mkondo mdogo kuliko wa pasi mara hamsini na zaidi. Fyuzi na breka hulinda nyaya zisiungue. Hazikuwekwa kumlinda binadamu.

Hapa pana jambo ambalo hata mafundi wazuri hulipita haraka, nalo linastahili kukaliwa kitako. Husemwa kwamba nyumba ikiwa na fimbo ya ardhi basi iko salama. Nyumba nyingi nchini hutegemea fimbo yake yenyewe iliyopigwa ardhini nje ya ukuta, na mkondo wa hitilafu hauna budi kupita katika udongo hadi kwenye ardhi ya transfoma ya mtaa. Udongo si shaba. Katika mchanga mkavu, au wakati wa kiangazi Dodoma, ukinzani wa njia hiyo ni mkubwa kuliko wakati wa mvua. Tuseme jumla yake ni omu 50, na sehemu kubwa ya hizo iko penye fimbo ya nyumba. Bati la jokofu likiguswa na moto, mkondo utakaokwenda ardhini ni 230 kugawanya kwa 50, yaani ampia 4.6. Breka ya soketi ni ya ampia 20 au 32. Haitaanguka leo wala kesho. Jokofu litaendelea kubeba sehemu kubwa ya zile volti 230 huku kila mtu akiamini kwamba "ethi ipo".

Na si hilo tu. Ampia 4.6 kwa volti 230 ni karibu wati 1,060, na mita huzihesabu. Yuniti moja na ushei hutoweka kila saa, zaidi ya 25 kwa siku, zikilipasha joto udongo wa uani. Mwenye nyumba hulalamika kwamba LUKU inamwibia, naye hajui kwamba analipia hatari iliyo jikoni mwake.

Dawa ya jambo hili inajulikana. Ni chombo kinachofungwa katika kisanduku cha umeme, ambacho mafundi hukiita kwa herufi zake, RCD. Kazi yake ni kulinganisha mkondo uendao kwa waya wa moto na ule urudio kwa nyutro. Vyombo vikiwa vizima, mikondo hiyo miwili ni sawasawa. Tofauti ikizuka, maana yake sehemu ya mkondo imepata njia nyingine, pengine kupitia mwili wa mtu, na chombo hukata. Kile cha majumbani kimetengenezwa kikate tofauti ifikiapo miliampia 30, katika muda usiozidi theluthi moja ya sekunde. Kwa ule mvujo wa ampia 4.6 kingekata mara moja, hata kabla mtu hajaligusa jokofu. Hakimsaidii aliyeshika moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, kwa kuwa hapo mikondo miwili hubaki sawa. Ila ajali nyingi za jikoni na bafuni si za namna hiyo. Kina kitufe kilichoandikwa T. Mnunuzi anayo haki ya kumwomba muuzaji akibonyeze: kisipokata, ni mapambo. Hata kikikata, kitufe hicho hupima uzima wa chombo chenyewe, hakipimi ardhi. Tena kuna nyumba ambazo RCD iliwahi kuwekwa, ikawa inakata kila siku kwa sababu ya mvujo wa kweli, na mtu mwenye haraka akairuka kwa kipande cha waya ili "isisumbue".

Kisanduku chenyewe husomeka bila kufunguliwa, na mnunuzi asijaribu kukifungua. Umeme hutoka kwenye nguzo, hupita katika mita, huingia katika swichi kuu, kisha hugawanywa kwa breka kadhaa. Juu ya kila breka pana namba. Aghalabu za taa ni ampia 5, 6 au 10, na za soketi ni 20 au 32. Jiko la umeme na hita ya maji hustahili breka za peke yao. Namba hizo hazina maana mpaka zilinganishwe na unene wa waya. Waya wa taa kwa kawaida ni wa milimita mraba 1.5, na wa soketi 2.5. Fundi anayeitwa kwa kuwa breka inaanguka kila jioni, akaondoa ya 20 na kuweka ya 40 pasipo kubadili waya, hajatengeneza kitu. Ameuhamisha udhaifu kutoka kwenye breka, iliyotengenezwa iukate mkondo, hadi kwenye waya uliozikwa ukutani, ambao haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Katika nyumba za fyuzi za zamani za kufungwa waya kosa hilo hilo hufanywa kwa uzi wa shaba uliochomolewa katika kebo yoyote iliyo karibu.

Jambo moja zaidi kuhusu breka ya 32. Waingereza walikubali waya wa milimita mraba 2.5 ulindwe kwa kiasi hicho kwa sharti kwamba soketi ziungwe kwa mzunguko: waya hutoka kwenye kisanduku, hupita soketi zote na kurudi palepale, ili kila soketi ipate mkondo kwa njia mbili. Mpango huo ulitakiwa baada ya vita kwa kuwa shaba ilikuwa adimu. Mzunguko ukikatika mahali pamoja, soketi zote huendelea kufanya kazi, lakini waya mmoja sasa hubeba mzigo wa nyaya mbili. Katika nyumba ambazo baadaye ziliongezwa vyumba vya uani au fremu ya duka, na umeme wake ukavutwa kutoka soketi ya mwisho ya nyumba kubwa, hali huwa mbaya zaidi. Mnunuzi akikuta breka tatu zikiilisha nyumba ya vyumba vinane na wapangaji wanne, hesabu ajifanyie mwenyewe.

Watapinga wengine kwamba fundi mwenye leseni alikwisha kutia sahihi nyumba ilipoombewa umeme. Ni kweli, na sahihi hiyo ina thamani. Lakini ilihusu nyumba ya siku ile, yenye vyumba vitatu na soketi nne. Tangu hapo fimbo imeota kutu, panya wamekula ngozi za nyaya darini, na kila mpangaji amejiongezea soketi yake. Hati ya ardhi huhakikiwa upya kila nyumba inapouzwa ijapokuwa ardhi haibadiliki; nyaya, ambazo huzeeka, hukubaliwa kwa sahihi ya zamani.

Upinzani mwingine ni mzito zaidi: kwamba karatasi mpya huzaa mlango mpya wa rushwa, na cheti kitapatikana bila mtu kufika nyumbani. Hatari hiyo ipo, na haiondolewi kwa maneno. Inaweza kupunguzwa kwa namna karatasi itakavyoandikwa. Cheti kisemacho "umeme ni salama" hakimfungi aliyekiandika. Karatasi isemayo kwamba ukinzani wa ardhi ni omu 18, kwamba nyaya zilipopimwa kwa volti 500 ukinzani wa ngozi zake haukushuka chini ya megaomu 1, kwamba RCD ilikata kwa sekunde 0.03, na kwamba mzunguko wa soketi umeungana pande zote, inaweza kuhakikiwa na fundi mwingine kesho yake kwa vipimo vile vile. Mwongo ataumbuliwa na tarakimu zake. Ndiyo maana mnunuzi asitosheke na kile kipimaji kidogo cha taa tatu kinachochomekwa kwenye soketi. Kinafaa kwa kuanzia, maana huonyesha kama waya wa ardhi haupo kabisa, lakini hakisemi ardhi yenyewe ni nzuri kiasi gani. Gharama ya fundi wa siku moja ni ndogo mbele ya bei ya nyumba. Kasoro zikionekana, zitajwe katika majadiliano ya bei kama itajwavyo paa inayovuja.

Sheria ya namna hiyo haitatungwa kesho, na hadi itungwe mwenye kumsaidia mnunuzi ni yule kijana wake aliye sekondari. Hapa shule zina deni. Mwanafunzi hukariri kanuni ya Ohm kwa Kiingereza, huchora saketi ya betri na balbu, hufaulu; mama yake amwulizapo kwa Kiswahili kwa nini friji linapiga shoti, hunyamaza. Hana upungufu wa elimu, bali hajawahi kuonyeshwa kwamba ile R ya kwenye kitabu ni fimbo iliyo nyuma ya choo na udongo unaoizunguka. Mwalimu wa fizikia anaweza kuagiza kila mwanafunzi anakili namba za breka za kwao bila kugusa kitu, aorodheshe vyombo na wati zake kama zilivyoandikwa kwenye vibao vyake, kisha agawanye wati kwa volti na kujumlisha ampia. Darasa la wanafunzi arobaini litaleta nyumba arobaini, na mabishano yatakayofuata yatafundisha kuliko balbu za maabara.

Lipo pia jaribio moja lisilohitaji chombo wala ruhusa ya mtu zaidi ya mwenye nyumba. Mita nyingi za LUKU zina kitaa chekundu kinachopepesa kwa kadiri umeme unavyotumika: mzigo ukiongezeka, hupepesa upesi. Taa zote zizimwe, plagi zote zichomolewe, hita na jiko vizimwe kwenye swichi zake, na swichi kuu iachwe imewashwa. Mtu asimame mbele ya mita kwa dakika kumi. Kikitulia, si uthibitisho kwamba ardhi ni nzuri, kwa kuwa jokofu lenye hitilafu nalo limechomolewa. Lirudishwe na kutazamwa peke yake, likiwa limezimwa kwenye kitasa chake cha baridi. Kikiendelea kupepesa hali kila kitu kimechomolewa, uko mkondo unaovuja ukutani, au uko waya unaopita chini ya uzio kwenda mahali ambapo dalali hakupataja, na mnunuzi aulize ni wapi kabla hajahesabu fedha.